Ubwete na Mzinduko: Istilahi za Wanyama Wapitishao Majira Magumu Bila Kula

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi ngumu zinazomkabili mfasiri wa vitabu vya sayansi ni kutafuta neno la jambo ambalo wasemaji wa lugha yake hawakulazimika kulitaja. Wazee wetu wa pwani na wa bara walikuwa na maneno mengi ya mvua, ya pepo na ya misimu ya kilimo. Lakini hawakuishi mahali ambapo ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi mingi, na mnyama mwenye damu ya moto akajizika chini yake mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo jambo hilo linapojitokeza katika kitabu cha biolojia, kila mwandishi hulisema kwa namna yake. Mmoja ataandika "usingizi wa majira ya baridi", wa pili "kulala kipupwe", wa tatu "kuzimia kwa baridi", na wa nne atalichukua neno la kigeni na kulitia irabu mwishoni.

Huenda msomaji akauliza: pana hasara gani, maadamu maana inaeleweka? Jibu letu ni kwamba maana haieleweki. Hudhaniwa tu kuwa imeeleweka. Tuchukue sentensi ya mfano, ambayo mfasiri yeyote mwema angeweza kuiandika: "Wakati wa baridi mnyama huyu hulala usingizi mzito, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo usingizi wake unavyozidi kuwa mrefu; mara kwa mara huamka, kisha hulala tena." Sentensi hii ni Kiswahili safi, wala haina kosa la sarufi. Hata hivyo ina makosa matatu ya sayansi. Mwanafunzi akiijibia mtihani kama alivyofundishwa, atakuwa amekosa bila hatia yake. Hatia ni ya maneno aliyopewa.

Katika makala haya tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutapima maneno yaliyopo, na mwisho tutapendekeza istilahi chache. Vipimo vyote vya joto ni vya Selsiasi.

2. Jambo lenyewe

Mamalia na ndege huitwa wanyama wenye damu ya moto kwa sababu huitunza halijoto ya miili yao, kwa kawaida karibu na nyuzi 37 kwa mamalia wengi, hata mazingira yakiwa baridi. Utunzaji huu una gharama. Mnyama mdogo, kama vile popo au panya, ana ngozi nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, na kwa hiyo hupoteza joto upesi. Ili asipoe hana budi kula sana. Chakula kikiadimika, mnyama huyo ana njia tatu: kuhama, kufa, au kupunguza matumizi.

Wanyama tunaowazungumzia hapa huchagua njia ya tatu. Hupunguza kwa makusudi ya mwili mwendo wa kazi zote za ndani: mapigo ya moyo, pumzi, na uchomaji wa chakula katika chembe hai. Kindi wa ardhini, ambaye moyo wake hupiga mamia ya mapigo kwa dakika akiwa macho, hufikia mapigo machache tu, chini ya 10 kwa dakika. Matumizi ya nishati yaweza kushuka hadi sehemu chache katika 100 za kawaida. Kwa kuwa tanuri limepunguzwa moto, mwili hupoa mpaka halijoto yake hukaribiana na ile ya shimo alimolala. Katika muda huo mnyama huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, au, kwa aina nyingine, kwa akiba ya chakula aliyoificha shimoni.

Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba hali hii inaongozwa. Mtu aliyepigwa na baridi mlimani hupoa kwa sababu mwili wake umeshindwa, asipookolewa atakufa. Kindi hupoa kwa sababu mwili wake umeamua, na ubongo wake huendelea kulinda mpaka wa chini usiovukwa. Tena anao uwezo wa kujipasha moto mwenyewe bila msaada wa jua wala wa mtu. Istilahi isiyotenga hali hizi mbili itamdhuru mwalimu wa biolojia na mwalimu wa tiba kwa pamoja.

3. Halijoto na urefu wa kipindi

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza la sentensi yetu, yaani dai kwamba baridi ikizidi mapumziko nayo huzidi.

Mnyama hakai katika hali hii mfululizo tangu mwanzo wa majira hadi mwisho. Hukaa kwa kipindi cha siku kadhaa au majuma kadhaa, kisha hujipasha moto, hukaa na joto la kawaida kwa muda usiofika siku moja au unaoizidi kidogo, na hatimaye hupoa tena. Mwaka 1965 ulichapishwa uchunguzi wa Twente na Twente juu ya kindi wa ardhini wa magharibi ya Amerika Kaskazini, ulioonyesha kwamba urefu wa kipindi hutegemea halijoto ya mwili: mwili ukiwa na joto zaidi, kipindi hufupika, ukiwa baridi zaidi, kipindi hurefuka. Lau mambo yangeishia hapo, sentensi yetu ingekuwa kweli.

Lakini hayakuishia hapo. Katika jimbo la Alaska, Marekani, yuko kindi wa ardhini wa kaskazini ya mbali, ambaye jina lake la kisayansi ni Urocitellus parryii. Mnyama huyu hukaa shimoni miezi 7 hadi 8 kila mwaka, na udongo unaomzunguka huganda kabisa. Mwaka 1989 mwanasayansi Brian Barnes alitangaza kwamba halijoto ya ndani ya mwili wa kindi huyo ilipimwa ikafika nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na wala damu yake haikuganda. Majimaji ya mwili wake yalikuwa yamepoa kupita kiwango cha mgando yakabaki kuwa majimaji.

Mwaka 2000 Buck na Barnes walieleza yaliyotokea walipowaweka kindi wa aina hiyo katika vyumba vya halijoto mbalimbali. Kati ya nyuzi 0 na 12 matumizi ya nishati yalikuwa madogo sana na hayakubadilika kwa kiasi cha kutajika. Juu ya hapo, kuelekea nyuzi 20, yaliongezeka. Na chini ya sifuri yaliongezeka pia, tena kwa kasi: mazingira yaliposhuka hadi nyuzi 16 chini ya sifuri, matumizi yalizidi mara 15 ya kile kiwango cha chini kabisa. Sababu yake si ngumu. Mwili hauna ruhusa ya kushuka zaidi, maana utaganda. Hivyo mnyama hulazimika kuwasha moto kidogo ndani yake, hali bado yumo katika mapumziko, ili kuukinga mpaka ule. Katika pande zote mbili za mbali, yaani baridi kali na joto la nyuzi 20, mwili uliacha kutegemea mafuta peke yake ukaanza kuchoma vitu vingine. Pale vitu hivyo vilipotumika zaidi ndipo vipindi virefu kabisa vilipokuwa vifupi zaidi.

Kwa hiyo uhusiano wa halijoto na kipindi si mstari mmoja unaopanda. Ni kama kilima: kipindi huwa kirefu mazingira yakiwa baridi ya wastani juu kidogo ya sifuri, na hufupika pande zote mbili, kwenye joto na kwenye baridi kali. Mfasiri anayeandika "kadiri baridi inavyozidi" amekata kilima nusu.

4. Mnyama aamkaye ili apate kulala

Kosa la pili na la tatu ni ndugu. Yote mawili yanatokana na neno "usingizi".

Usingizi ni hali ya ubongo yenye mawimbi yake ya umeme, ambayo huweza kupimwa. Mnyama akipoa sana, mawimbi hayo hudhoofika mpaka karibu hayaonekani tena katika chombo. Hali hiyo si usingizi mzito. Ni karibu kutokuwepo kwa usingizi. Mwaka 1991 makundi mawili ya wachunguzi, kila moja kwa njia yake, yalichapisha habari ya ajabu: kindi wa ardhini alipokwisha kujipasha moto katikati ya majira, hakutumia muda wake mwingi kula wala kutembea, bali kulala usingizi, na usingizi wenyewe ni ule mzito wa mawimbi mapana. Ilikuwa kana kwamba mnyama alikuwa na deni la usingizi, akatoka katika baridi ili alilipe.

Majaribio yaliyofuata yametia shaka juu ya deni hilo, maana kindi walionyimwa usingizi mara tu baada ya kupata joto hawakuufidia kwa namna iliyotarajiwa. Wanasayansi wengine wanaona kwamba mnyama hujipasha moto ili kinga ya mwili ifanye kazi, au ili arekebishe yaliyoharibika, au aondoe takataka na kurudisha uwiano wa maji mwilini. Mjadala haujafungwa. Lakini jambo moja halina ubishi: kindi hujipasha moto, kisha hulala. Sasa mfasiri aliyekwisha kuiita hali ya kupoa "usingizi", na kujipasha moto "kuamka", ataliandika jambo hili namna gani? Ataandika kwamba mnyama aliamka kutoka usingizini akalala usingizi, na msomaji atadhani mpiga chapa amekosea.

Haya si mambo ya kuchezea maneno. Kujipasha moto ndiko kunakogharimu. Mnyama huchoma shahamu ya kahawia, aina ya mafuta ambayo kazi yake hasa ni kutoa joto. Kisha misuli hutetemeka. Na kwa muda wa saa chache mwili hupanda kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya nyuzi 35. Ingawa muda wa joto ni sehemu ndogo tu ya majira, kwa kindi wa ardhini matukio hayo humeza zaidi ya theluthi mbili za nishati yote ya kipindi chote cha baridi. Akiba ya mafuta imepimwa kwa idadi fulani ya matukio. Yakizidi, akiba huisha kabla ya msimu wa chakula kufika.

Ushahidi mchungu wa hesabu hiyo ni ugonjwa wa pua nyeupe unaowapata popo wa Amerika Kaskazini. Dalili zake zilionekana kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 2006. Kuvu mwenye kupenda baridi, Pseudogymnoascus destructans, huota juu ya ngozi ya popo waliopoa mapangoni, naye hawezi kukua katika joto la juu ya nyuzi 20 hivi. Popo walioambukizwa hujipasha moto mara nyingi kupita kawaida, mafuta yao huisha katikati ya majira, na hufa. Mamilioni wamekwisha kufa. Tangazo la kuwaonya watu wasiingie mapangoni likiandikwa "msiwasumbue popo waliolala", msomaji ataona ni suala la adabu tu, kama kutompigia kelele mgonjwa. Likiandikwa kwa istilahi inayoonyesha kwamba kila kuzindua ni kuteketeza akiba, ataelewa kwamba ni suala la uhai.

5. Baridi si sharti

Labda tungeweza kuyaepuka hayo yote kwa kuacha "usingizi" na kushika "baridi". Neno la Kilatini ambalo limezaa istilahi ya lugha nyingi za Ulaya, hibernare, lilimaanisha kupitisha majira ya baridi. Lakini hapa pia pana mtego, nao unatuhusu sisi wa nchi za joto zaidi kuliko wao.

Kwanza, baridi si lazima iwe ndiyo inayoanzisha hali hii. Mwaka 1963 Pengelley na Fisher walichapisha matokeo ya kuwaweka kindi wa ardhini katika halijoto na mwanga visivyobadilika. Kindi hao, bila kuona dalili yoyote ya majira, waliendelea kuingia katika mapumziko yao na kutoka, kwa mzunguko wa karibu mwaka mmoja. Mwili una saa yake ya ndani.

Pili, wako wanaofanya hivyo bila baridi kabisa. Katika misitu mikavu ya magharibi mwa Madagaska anaishi mnyama mdogo wa jamaa ya mbali ya komba, mwenye mkia mnene wa mafuta, aitwaye Cheirogaleus medius. Mwaka 2004 Kathrin Dausmann na wenzake walieleza kwamba mnyama huyu hukaa katika mvungu wa mti miezi 7 ya ukame bila kula. Waliokuwa katika mvungu wenye kuta nyembamba, miili yao ilifuata joto la mchana na ubaridi wa usiku, ikapanda na kushuka kwa karibu nyuzi 20 kila siku. Na pale halijoto ya mwili ilipopita nyuzi 30 mchana, hawakuwa na haja ya kujipasha moto wenyewe. Jua liliwafanyia kazi hiyo bure. Waliokuwa katika mvungu wenye kuta nene, ambamo mwili haukufika nyuzi 30, walijipasha moto kwa vipindi kama afanyavyo kindi wa Alaska. Mti mmoja na mti mwingine, msitu ule ule, mnyama yule yule: halijoto ndiyo iliyoamua.

Tutamwitaje mnyama mwenye nyuzi 30 kuwa yumo katika "usingizi wa baridi"? Istilahi yenye neno baridi ndani yake itamfanya mwalimu wa kwetu aseme kwamba jambo hili ni la nchi za theluji tu, na hivyo kumnyima mwanafunzi wake mfano ulio ng'ambo tu ya mlango-bahari wa Msumbiji.

6. Kuyapima maneno

Tumeyapima maneno matano kwa maswali matatu: Je, laonyesha kupungua kwa kazi za mwili? Je, laacha nafasi ya kuwa hali hiyo inaongozwa? Je, lafaa penye baridi na pasipo baridi?

"Usingizi" tumekwisha kulieleza. Linaanguka katika swali la kwanza. "Kuzimia" laanguka katika la pili, kwani aliyezimia hakuamua. "Bumbuwazi" ni hali ya akili ya mtu aliyeduwaa, na mnyama huyu hakuduwaa. "Kuzizima" ni neno zuri, na maji ya mtungi huzizima. Lakini ni neno la ubaridi, hivyo laanguka katika swali la tatu.

Limebaki "ubwete". Kukaa bwete ni kukaa pasipo kufanya kazi. Neno hili halitaji baridi wala usingizi. Lataja kusimama kwa shughuli, nako ndiko kiini cha jambo. Tena aliyekaa bwete yu hai na aweza kuinuka. Tunajua pingamizi litakaloletwa: kwamba neno hili lina harufu ya lawama, kwa kuwa mvivu ndiye akaaye bwete. Twajibu kwamba istilahi hupunguza harufu ya maneno kwa kuyapa mpaka. Neno "kazi" katika fizikia halimsifu mtu mwenye bidii. Anayesukuma ukuta usiosogea hajafanya kazi, hata akitoka jasho kutwa nzima. Vivyo hivyo "ubwete" katika biolojia hautamlaumu kindi.

Kwa tendo la kutoka katika ubwete tunapendekeza "kuzinduka" badala ya "kuamka", na jina lake "mzinduko". Mtu aliyezimia huzinduka. Na akiisha kuzinduka aweza kulazwa alale, bila mtu kuona mgongano wa maneno. Neno "mwamko", licha ya kuwa limekwisha kushika maana nyingine katika siasa, latulazimisha kudhani kuwa palikuwa na usingizi. "Kuamka" na tubakize kwa aliyelala kweli. Hapo ndipo tutaweza kuandika bila kusitasita: "Kindi alizinduka, akalala usingizi saa kadhaa, akaamka, kisha akarudi katika ubwete."

7. Istilahi zinazopendekezwa

Ubwete: hali inayoongozwa na mwili wa mnyama ya kupunguza sana matumizi ya nishati, ambayo kwa kawaida hufuatwa na kushuka kwa halijoto ya mwili.

Ubwete wa msimu: ubwete unaorudiwa kwa vipindi vya siku nyingi katika msimu wa shida, uwe wa baridi au wa ukame. Mfano: kindi wa Alaska, Cheirogaleus wa Madagaska.

Ubwete wa kutwa: ubwete wa saa chache usiozidi siku moja, ambao mnyama hutoka akaendelea kutafuta chakula. Mfano: sange wa miamba wa kusini mwa Afrika.

Ubwete wa kiangazi: ubwete wa mnyama aliyekimbia ukame au joto. Istilahi hii yafaa pia kwa wasio mamalia, kama kamongo anayejizika katika tope likaukapo.

Kipindi cha ubwete: muda kati ya kupoa na mzinduko unaofuata.

Mzinduko: tendo la mnyama kutoka katika ubwete na kurudia halijoto ya kawaida. Mizinduko ya vipindi ni ile inayotokea katikati ya msimu. Mzinduko wa mwisho ni ule unaofunga msimu.

Kujipasha moto: kupandisha halijoto ya mwili kwa nishati ya ndani. Kupashwa moto: kupanda kwa halijoto hiyo kwa jua au mazingira. Tofauti ya kauli hizi mbili ihifadhiwe, kwani ndiyo tofauti ya mvungu mnene na mvungu mwembamba.

Shahamu ya kahawia: mafuta ya mwili ambayo kazi yake hasa ni kutoa joto.

Kupoa bila kuganda: kushuka kwa halijoto ya kimiminiko chini ya kiwango cha mgando hali kingali kimiminiko.

8. Hitimisho

Sasa na tuirudie ile sentensi tuliyoanza nayo, tuiandike upya: "Katika msimu wa shida mnyama huyu huingia katika ubwete, vipindi vya ubwete huwa virefu halijoto ikiwa ya chini kwa wastani, na hufupika ikipanda au ikishuka mno, mara kwa mara huzinduka, na baada ya mzinduko huweza kulala." Imekuwa ndefu kidogo, lakini kila neno limebeba mzigo wake, na mwanafunzi akiijibia mtihani hatakosa.

Lugha yetu ina mizizi ya kutosha kueleza hata mambo yaliyoonekana kwanza chini ya theluji ya wengine. Linalotakiwa ni kwamba mfasiri alielewe jambo kabla ya kulitafutia jina, na kwamba sote tukubaliane juu ya jina hilo. Tunayaweka mapendekezo haya mbele ya walimu watakaoyajaribu darasani na wafasiri watakaoyajaribu kitabuni. Neno litakaloshindwa mikononi mwao na liachwe. Litakalofaa na litumike kwa namna moja kila mahali.